Usiku uwe wako: kuanza utafiti wa nyota ukiwa Malindi

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Likizo iliyopita alinifuata jikoni nikipara samaki, akaegemea mlango, akauliza, "Shangazi, nifanyeje nami nije nifanye kazi kama yako?" Nikaanza kumtajia masomo, alama, vyuo na maombi ya ufadhili. Alinisikiliza kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa yameshaondoka. Hapo nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sikuanzia chuoni. Nilianzia uani kwetu Ngomeni, juu ya jamvi, na daftari la shule lililokuwa limebaki kurasa nyeupe nyuma. Nikaosha mikono, nikamwambia twende darini.

Niliyomfundisha usiku ule na wiki zilizofuata ndiyo haya. Nayaandika kwa ajili ya wasichana wengine, maana swali lake nimeulizwa mara nyingi na kila mara nilijibu juujuu. Kazi yangu ni kuchunguza nyota pacha zinazotoa eksirei, na data ninazotumia zinatoka kwenye setilaiti. Lakini ustadi ninaouhitaji kila siku ni ule nilioupata kwa macho matupu: kukifuata kitu kimoja kwa muda mrefu, na kuandika nilichokiona, si nilichotarajia kukiona.

Kwanza, omba usiku

Msichana wa kwetu haambiwi asisome. Anaambiwa asikae nje usiku. Kwa mtu anayetaka kusoma nyota, hilo ni sawa na kumwambia mvuvi asiingie baharini. Kwa hiyo kabla hujafikiria darubini, fikiria mama, baba, bibi na kaka zako.

Usiombe ruhusa ya "kutazama nyota". Maneno hayo hayana mpaka, na mzazi huogopa jambo lisilo na mpaka. Omba jambo lenye mahali, saa na mwisho: "Mama, baada ya sala ya isha mpaka saa tatu na nusu, hapa hapa darini, mimi na mdogo wangu, mara nne kwa wiki, hadi mwezi wa kumi na moja." Mwonyeshe daftari. Na ukishapewa, shuka saa tatu na nusu kamili hata kama mbingu ndiyo kwanza imefunguka. Ruhusa ya msimu wa pili hujengwa kwa saa ulizotimiza msimu wa kwanza.

Kwetu aliyeniombea ni bibi. Hakusoma shule, lakini Kilimia, lile kundi la nyota la kupangia majira, alikijua kuliko mwalimu wangu wa jiografia. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua," alikuwa akisema, na shamba lake alilipanga kwa hesabu hiyo. Nilipomweleza kwamba nataka kuifuata nyota moja miezi mitatu nione inavyobadilika, hakuona ajabu yoyote. Alimwambia baba, "Mwache. Anasoma majira." Kisha akawa anatoka kukaa nami, akivuta tasbihi yake gizani, nami nikihesabu. Karibu kila nyumba ya pwani ina mtu wa namna hiyo: mzee anayejua bamvua itaingia lini kwa kutazama mwezi, au mama anayepanda kwa nyota. Mtafute huyo kabla ya kumwendea baba. Atakuelewa upesi.

Nyota yenyewe

Usianze na mbingu nzima. Chukua nyota moja kwa msimu mmoja. Ninayoipendekeza inaitwa Eta Aquilae, katika kundinyota la Ukabu, yaani Tai.

Ni nyota badilifu ya aina inayoitwa Sefeidi. Hutanuka na kunywea kama kifua cha mtu anayepumua, na mng'ao wake hupanda na kushuka pamoja na pumzi hiyo. Ikiwa juu hufikia magnitudi 3.5, ikiwa chini hufika 4.4, na mzunguko mzima huchukua siku 7.18. (Magnitudi ni kipimo cha mng'ao, nacho huenda kinyume: namba ikiwa kubwa, nyota imefifia.) Hupanda kwa haraka, siku mbili na kitu, halafu hushuka polepole kwa siku zilizobaki. Maana yake ndani ya juma moja, bila kioo chochote mbele ya jicho, utakuwa umeshuhudia nyota ikifanya jambo. Mtu wa kwanza kuandika kwamba inabadilika ni Edward Pigott, kule Uingereza, tarehe 10 Septemba 1784. Naye alikuwa na daftari.

Sisi wa Malindi tuna bahati kumzidi Pigott. Nyota hii iko karibu juu ya ikweta kabisa, na mji wetu uko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo hupita karibu na utosi. Huko juu, nuru yake inakatiza hewa kidogo kuliko ingekuwa imelala karibu na upeo, na chumvi ya bahari haiichafui. Huonekana jioni kuanzia Julai hadi Novemba. Karibu na tarehe 10 Septemba huwa imefika kilele chake saa tatu usiku. Huo ni wakati wa demani: kusi imechoka, mawingu yamekatika, na ukibahatika stima nayo imepotea mtaani.

Kuipata

Tandika jamvi. Lala chali, miguu ielekee kaskazini na kichwa kusini. Kusimama huku umeinua shingo kutakuchosha kwa dakika tano, na shingo ikiuma utaandika chochote ili umalize.

Nyota kali upande wa miguuni, si mbali na utosi, ni Altair. Jina lake limetoka kwenye Kiarabu na maana yake ni inayoruka. Ina nyota mbili ubavuni, moja kila upande, Tarazed na Alshain, na zote tatu zimejipanga kama mtambo wa mizani. Hata majina ya hizo mbili yametokana na maneno ya Kiajemi ya mizani. Mimi napenda sana kwamba kazi ya kupima mng'ao inaanzia hapo.

Sasa nyoosha mkono, kunja ngumi. Kutoka Altair njoo upande wa kichwani kwako kwa kiasi cha ngumi moja isiyotimia. Utakuta nyota tatu zimekaa kwenye mstari mmoja unaokatiza mbele yako. Ya mkono wa kulia, mashariki, ni Theta. Ya mkono wa kushoto ni Delta. Ya katikati, iliyo karibu kidogo zaidi na Theta, kama vidole vitatu hivi, ndiyo Eta. Bado moja: kati ya Eta na Delta, lakini nje ya mstari, vidole viwili kuelekea kichwani kwako, iko Iota.

Mpwa wangu alichukua usiku tatu kuzishika. Usiku wa kwanza alikuwa ananionyesha Delta akidhani ni Eta, na sikumsahihisha mpaka alipotia alama kwenye karatasi na kuona mwenyewe kwamba haina nyota kushoto kwake. Kosa ulilolivumbua kwa kidole chako hulirudii.

Kukadiria mng'ao

Hapa ndipo pa kukaa, maana hapa ndipo utafiti ulipo.

Mng'ao wa nyota za jirani unajulikana: Theta 3.2, Delta 3.4, Alshain 3.7, Iota 4.4. Hizo ndizo mawe yako ya mizani. Huhitaji kujua namba ya Eta moja kwa moja. Unachohitaji ni kusema inakaa wapi kati yao.

Kabla ya yote, macho yazoee giza. Dakika ishirini, afadhali thelathini, bila simu. Ukiitazama simu mara moja, hesabu inaanza upya. Tochi ifunge kitambaa chekundu kizito hadi uone daftari kwa shida. Na hapa nitoe siri ambayo sijaisoma kwenye kitabu chochote: leso. Jirani yetu ana taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha, na kumwambia aizime ni kumwambia alale na wezi. Basi najifunika leso kichwani, naishusha pande zote mbili za uso kama hema dogo, ncha nazishika kidevuni. Mwanga wa pembeni unakatika wote. Nyota ambazo hazikuwepo zinatokea. Nimefanya hivyo Malindi, nimefanya hivyo ughaibuni penye baridi kali, na wenzangu waliokuwa wakinishangaa walimaliza kwa kuniomba ya pili.

Sasa jiulize maswali kwa mpangilio. Je, Eta inang'aa kuliko Delta? Ikiwa la, je, inang'aa kuliko Alshain? Ikiwa la, kuliko Iota? Mara utaikamata kati ya mbili. Tuseme iko chini ya Delta na juu ya Iota. Gawa nafasi hiyo akilini mafungu kumi. Delta ni 3.4 na Iota ni 4.4, tofauti yao ni moja kamili, kwa hiyo kila fungu ni sehemu moja ya kumi ya magnitudi. Ukiona Eta imeshuka mafungu manne kutoka Delta, umepata 3.8. Thibitisha: 3.8 inapaswa kufifia kidogo tu kuliko Alshain. Rudisha macho kwa Alshain. Kama Eta inaonekana wazi kuwa imeizidi, umekosea mahali, anza tena.

Tazama kila nyota kwa zamu, katikati ya jicho. Usiikazie moja huku nyingine ukiiona kwa pembeni, kwa sababu pembe ya jicho huona mwanga hafifu vizuri kuliko katikati, na ile ya pembeni itakudanganya kwamba inang'aa zaidi. Geuza kichwa ili mstari wa macho yako uwe sambamba na mstari wa nyota mbili unazolinganisha, maana iliyo juu na iliyo chini hazipati haki sawa jichoni. Mwezi ukiwa mkubwa na karibu, acha. Wingu jembamba likipita juu ya nyota moja na si nyingine, acha pia, na uandike kwamba umeacha na kwa nini.

Kuna hatari moja inayozidi zote hizo, nayo haiko mbinguni. Ni kumbukumbu. Ukijua jana ulipata 3.9, na unajua nyota inashuka, leo utaona 4.0 hata kama haipo. Sote tunafanya hivyo, na watu wenye shahada kubwa wanafanya zaidi. Kwa hiyo kurasa za nyuma za daftari zifunike kwa karatasi nene na ubanie kwa kibanio cha nguo. Usizifungue mpaka msimu uishe. Mpwa wangu alilalamika kwamba hivyo hajui kama anaenda sawa. Nikamwambia ndiyo hasa nataka usijue.

Kuandika, na usiku wa Ijumaa

Kila usiku andika: tarehe, saa, nyota mbili ulizolinganisha, kadirio, hali ya anga, mwezi uko wapi. Maneno machache. Usiku wa mawingu nao una mstari wake: "Sikuona."

Tarehe ndiyo iliyonigharimu mimi. Kwetu siku huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi. Bibi hakuwahi kusema vingine na mimi sikuwahi kufikiri vingine. Nilipokwenda chuoni nilikuwa na daftari la msimu mzima, nikampelekea msimamizi wangu kwa fahari. Alichora nukta zote, na badala ya mchoro mmoja ikatokea miwili, mmoja umesogea kando ya mwenzake kwa siku moja. Kwa nyota ya siku saba, siku moja ni kubwa. Tulikaa alasiri nzima hatujui kwa nini. Ndipo nikaona: usiku ambao niliandika mwenyewe nikiwa nyumbani niliandika "usiku wa Ijumaa", "usiku wa Jumatatu", na usiku ambao nilinakili tarehe kutoka kwenye simu niliandika ya kizungu. Daftari moja, kalenda mbili. Nukta kumi na tisa niliweza kuziokoa kwa sababu nilikuwa nimetaja mwezi uko wapi. Kumi na moja nilizifuta kwa mkono wangu. Nililia, sioni aibu kusema.

Wanaastronomia wana dawa ya hilo. Wanahesabu siku mfululizo bila majina wala miezi, hesabu inayoitwa siku ya Julian, na siku hiyo huanza saa sita mchana kwa saa ya kimataifa ili usiku usikatwe katikati. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa tisa alasiri. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi: chukua saa zilizopita tangu saa tisa alasiri, gawa kwa 24. Saa tatu usiku ni saa sita baadaye, yaani 0.25. Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, saa tatu usiku, usiku ambao bibi angeuita wa Ijumaa, ni 2460930.25. Kesho yake saa hiyo hiyo ni 2460931.25. Hakuna Alhamisi, hakuna Ijumaa, hakuna kugombana. Andika ya nyumbani pembeni kama unapenda. Mimi bado naiandika, kwa ajili yake.

Kufungua kurasa

Mwezi wa Novemba ondoa kibanio. Chukua namba ya kila usiku, toa ya usiku wako wa kwanza, gawa kwa 7.177, kisha tupa namba nzima ubaki na desimali. Kwa mfano siku 45 baada ya kuanza: 45 kwa 7.177 ni 6.27, unabaki na 0.27. Nyota imeshamaliza mizunguko sita na iko robo na kidogo ya saba. Kwenye karatasi ya grafu, desimali hiyo ikae chini kuanzia 0 hadi 1, na magnitudi ubavuni, 3.4 ikiwa juu na 4.5 chini. Tia nukta zote.

Mwanzoni zitaonekana kama mchele uliomwagika. Zikifika thelathini hivi, utaona mgongo: kilima kinachopanda wima upande mmoja na kuteremka taratibu upande wa pili. Mpwa wangu alipokiona alinyamaza, akaenda kumwita mama yake. Namba zile hakuna aliyempa. Amezitoa mbinguni mwenyewe, akiwa amejifunika leso.

Makadirio yako yana mahali pa kwenda. Kuna chama cha waangalizi wa nyota badilifu kiitwacho AAVSO, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911, kinachopokea makadirio ya macho kutoka kwa watu wa dunia nzima na kuyahifadhi kwa watafiti. Kwenye tovuti yao unachapa chati ya nyota yako yenye namba za jirani zake. Tumia chati hiyo ukishazoea, na utaje nambari ya chati unapotuma.

Mwanamke aliyezipa maana

Henrietta Swan Leavitt alizaliwa Massachusetts mwaka 1868. Aliajiriwa katika kituo cha kuchunguzia nyota cha Harvard pamoja na wanawake wengine waliokuwa wakikagua picha za mbingu zilizopigwa kwenye vioo, kwa malipo ya senti 30 za dola kwa saa. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya kusikia kwake. Picha zake zilitoka Arequipa, Peru, na zilionyesha Mawingu ya Magellan, makundi mawili makubwa ya nyota yaliyo kusini mwa mbingu. Mwaka 1908 alichapisha orodha ya nyota badilifu 1,777 alizozipata humo. Akaona kwamba zile zenye mng'ao mkubwa ndizo zenye mzunguko mrefu. Mwaka 1912, akiwa na nyota 25 za Wingu Dogo, alionyesha kwamba uhusiano huo unafuata kanuni.

Fikiria uzito wake. Ukijua nyota ya aina hiyo, Sefeidi kama Eta yako, inachukua siku ngapi kumaliza mzunguko, unajua inatoa nuru kiasi gani. Ukilinganisha na kiasi unachokiona, unajua iko mbali kiasi gani. Kwa kanuni hiyo Edwin Hubble, aliyepata Sefeidi katika Andromeda mwaka 1923, alionyesha kwamba Andromeda iko nje ya kundi letu la nyota. Waraka wa 1912 ulitoka na sahihi ya mkurugenzi wake, ukitaja kwamba maelezo yametayarishwa na Miss Leavitt. Alifariki mwaka 1921. Mwaka 1925 mwanahisabati wa Sweden alimwandikia barua akitaka kumpendekeza kwa tuzo ya Nobel, hajui kwamba ameshafariki.

Kutoka Massachusetts alikofanyia kazi, mawingu hayo hayachomozi kamwe. Wewe unayaona kutoka Ngomeni, kwa macho, juu ya bahari upande wa kusini.

Na kuna mwingine, huyu ni wa kwetu kwa namna yake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei pekee. Msimamizi wa mradi huo upande wa NASA alikuwa mhandisi Marjorie Townsend. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, yeye ndiye aliyeipa jina: Uhuru. Setilaiti hiyo iliacha orodha ya vyanzo 339, na vyanzo hivyo vinaitwa mpaka leo kwa herufi 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Nilikuwa chuoni, nasoma makala kuhusu 4U 0900-40, nikauliza U ni nini. Nilipojibiwa sikuweza kuendelea kusoma. Utoto wangu wote nimeliona jukwaa lile kutoka ufukweni tukiokota kome, na hakuna mtu shuleni aliyeniambia kwamba neno la Kiswahili lilitokea pale likaingia katika kila maktaba ya astronomia duniani. Wewe nimekwambia.

Kutoka daftari hadi kazi

Haya ni mafupi, kwa sababu walimu watakueleza. Hisabati na fizikia, usiziachie hata moja. Jifunze kuandika programu kwa Python. Anza na grafu yako ya Eta, uchore kwa kompyuta ulichokwisha kuchora kwa mkono. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia na astrofizikia. Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazoshirikiana katika mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA, kwa hiyo tafuta mafunzo ya astronomia ya redio yanapotangazwa. Data za setilaiti nyingi za NASA ziko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti, bure, pamoja na za Uhuru yenyewe. Kazi yangu ya kwanza iliyochapishwa niliifanya bila kugusa darubini, kwa data ambazo wengine walikwisha zitumia.

Ukifika hatua ya kuomba muda wa darubini, andika ombi lako kana kwamba msomaji hakujui, wala hataki kukujua. Mwaka 2018 waendeshaji wa darubini ya Hubble walianza kuficha majina ya waombaji kwa wanaoyapima maombi, na katika duru hiyo maombi yaliyoongozwa na wanawake yalifaulu kwa kiwango kilichozidi kidogo kile cha wanaume, jambo ambalo halikuwa limetokea hapo nyuma. Vituo vingine vimefuata. Uliza kama kituo unachokiomba kinafanya hivyo.

Kwenye usaili majina hayafichwi. Katika usaili mmoja, miaka mingi imepita, mjumbe wa jopo aliniuliza nani atabaki na watoto usiku nikiwa kwenye darubini. Wakati ule sikuwa na watoto. Nilishikwa na kigugumizi, nikajibu kama mtu anayeomba radhi, na nafasi ile sikuipata. Tangu hapo naingia na jibu nililoliandika nyumbani: "Naomba tuzungumzie ratiba ya kazi kama mnavyomuuliza kila mwombaji." Nimelitumia mara mbili. Mara ya kwanza sauti ilitetemeka. Andika lako mapema, ulisome kwa sauti mbele ya dada yako hadi lisitetemeke.

Novemba ikiisha

Eta itakuwa imeshuka magharibi, kwenye ukungu wa bahari na taa za mji. Usikae bure hadi Julai. Kaskazi ikianza, geuza jamvi: miguu kusini. Tafuta Beta Doradus, Sefeidi nyingine, mzunguko wake siku 9.84, inayopanda hadi 3.5 na kushuka hadi 4.1. Haitafika utosini, kwetu kilele chake ni kama ngumi tatu juu ya upeo, kwa hiyo nenda Ngomeni kama una ndugu huko wa kulala kwake, na uliza kabla ya kwenda kama nyumba ina uwanja ulio wazi kusini. Chini yake kidogo utaona doa jeupe kama moshi wa jiko uliosahaulika angani. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan. Chati iombe kabla Desemba haijaingia, na daftari liwe jipya.